Malezi Tusiyoyakumbuka: Ubongo wa Mtoto na Amana ya Wazazi



Kurani Tukufu, katika Sura Bani Israil, inamfundisha mwanadamu kuwaombea rehema wazazi wake, na inamtajia sababu ya kuwaombea. Sababu hiyo si mali waliyomwachia, wala ada waliyomlipia shuleni, wala mahari waliyomtolea. Limetajwa jambo moja tu, nalo ni kule kumlea kwao alipokuwa angali mtoto mdogo.

Mwenye kufikiri hana budi kushangaa kidogo. Katika mema yote tunayotendewa na wazazi, hili ndilo ambalo hakuna hata mmoja wetu anayelikumbuka. Nani awezaye kusema, nakumbuka usiku mama aliponiamkia mara nne nikiwa na umri wa miezi mitatu? Nani akumbukaye joto la mgongo aliobebwa? Tumeamrishwa tushukuru kwa jambo ambalo kumbukumbu zetu haziwezi kulishuhudia. Je, kwa nini limechaguliwa hilo na kuachwa mengine tunayoyakumbuka vizuri?

Jibu la imani lilikuwapo tangu zamani: Mwenye kuumba ndiye ajuaye zaidi. Lakini katika zama zetu elimu ya sayansi imefungua mlango mwingine, nayo inashuhudia kwamba mambo yale tusiyoyakumbuka ndiyo yaliyotujenga. Ulimi hauwezi kuyasimulia, lakini ubongo umeyaandika. Katika makala hii nataka tuuangalie ushahidi huo, kisha tuone unatudai nini sisi wazazi tuishio Mbalizi na vijiji vinavyoizunguka. Na mwisho tumjibu yule mwenye kuuliza kwa uchungu: Je, mimi niliyekosa malezi mema nimekwisha kuhukumiwa?

NYUMBA INAYOJENGWA GIZANI

Mtoto anapozaliwa, ubongo wake una uzito wa karibu robo moja ya ubongo wa mtu mzima. Afikapo miaka miwili umekwisha kufika robo tatu au zaidi, na afikapo miaka mitano umetimia sehemu tisa katika kumi hivi. Hakuna kiungo kingine cha mwili kinachokimbia namna hiyo. Chembe za ubongo zenyewe, ambazo idadi yake hupita bilioni 80, kwa sehemu kubwa mtoto huzaliwa nazo. Linalokua kwa haraka ni mafungamano baina ya chembe na chembe, yaani njia ambazo habari hupitia kutoka sehemu hii kwenda sehemu ile.

Mfano wake ni njia za miguu katika mabonde na vilima vya Umalila. Njia ipitwayo kila siku na watu waendao sokoni hukanyagika ikawa pana na ngumu. Njia isiyopitwa na mtu huota majani, na baada ya misimu michache hata mwenyeji haioni tena. Ndivyo ulivyo ubongo wa mtoto mchanga. Kila anapolia akaitikiwa, kila anapotabasamu akatabasamiwa, kila anaposemeshwa ijapokuwa hajui neno hata moja, njia fulani hukanyagwa. Na kila anapolia asiitikiwe, njia nyingine hukanyagwa, nayo ni njia ya hofu.

Kurani Tukufu, katika Sura An-Nahl, inatukumbusha kwamba tulitolewa matumboni mwa mama zetu tukiwa hatujui kitu chochote, kisha tukapewa masikio na macho na nyoyo ili tupate kushukuru. Tazameni mpango huu. Mtoto amefika bila elimu, lakini amefika na milango ya kuipokelea elimu. Atakayekuwa wa kwanza kupita katika milango hiyo ni nani kama si mama na baba?

USHAHIDI WA PANYA

Mwenyezi Mungu huweka mafunzo makubwa hata katika viumbe tunavyovidharau. Huko Montreal, nchini Kanada, katika Chuo Kikuu cha McGill, mtaalamu Michael Meaney na wenzake waliwachunguza panya kwa miaka mingi. Waliona kwamba panya mama hawafanani: wako wenye kuwalamba na kuwasafisha watoto wao sana katika juma la kwanza, na wako wenye kuwalamba kidogo tu. Watoto wa mama walambaji walipokua walikuwa watulivu. Walipopatwa na jambo la kutisha walishtuka, kisha upesi wakatulia. Watoto wa mama wasiolamba walikuwa waoga, na mwili wao ukishashtuka ulichukua muda mrefu kurudi katika hali yake.

Mtu anaweza kusema: Hiyo ni damu tu, mtoto wa nyoka ni nyoka. Wataalamu wale nao waliliwaza hilo. Basi wakawabadilisha watoto: waliozaliwa na mama asiyelamba wakapewa mama mlambaji awalee. Watoto hao walipokua walifanana na mama aliyewalea, wala hawakufanana na yule aliyewazaa. Isitoshe, majike kati yao walipozaa, nao wakawa walambaji kwa watoto wao. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1999. Kisha mwaka 2004 wakaeleza jinsi jambo hilo linavyotendeka: kule kulambwa huacha alama za kikemia juu ya chembe za urithi katika ubongo wa mtoto. Maandishi ya urithi hayafutwi wala hayabadilishwi, lakini ukurasa fulani hufunguliwa au hufungwa. Na ukurasa huo ndio unaohusika na kuituliza homoni ya hofu, ambayo kwa panya huitwa kortikosteroni.

Ni kweli mwanadamu si panya, na hatupaswi kuhamisha kila kitu kutoka tunduni kwenda nyumbani. Lakini mwenye akili hujiuliza: Ikiwa mnyama mdogo namna hii, asiye na lugha wala dini, huacha alama katika ubongo wa mtoto wake kwa ulimi wake, je, ulimi wa mwanadamu, usemao na kutukana, ubembelezao na kulaani, unaacha alama gani?

GOMBE NA BUGANDA

Tusiende mbali. Katika nchi yetu wenyewe, mkoani Kigoma, Bi. Jane Goodall, aliyefariki mwaka 2025, alianza kuwachunguza sokwe wa Gombe mwaka 1960. Kati ya sokwe hao alikuwapo mama mmoja aliyepewa jina la Flo, mvumilivu na mwenye kucheza na watoto wake. Binti yake Fifi alipozaa naye akawa mama mwema kama Flo. Flo alipokufa mwaka 1972, mwanawe Flint, aliyekuwa na umri wa miaka minane hivi, alikaa karibu na mahali alipofia mama yake, akaacha kula, akadhoofika, na baada ya majuma matatu naye akafa. Misitu ya Gombe ilikuwa na matunda ya kumtosha. Kilichokosekana hakikuwa chakula.

Na jirani zetu wa Uganda wametoa ushahidi juu ya wanadamu wenyewe. Mwaka 1954 mama mmoja mtaalamu, Mary Ainsworth, alifika Kampala pamoja na mumewe, aliyekuwa amepata kazi katika taasisi ya uchunguzi wa jamii iliyokuwa Makerere. Alikwenda katika vijiji vya Buganda, akawafuatilia akina mama 26 na watoto wao wachanga 28. Aliwatembelea mara kwa mara, akikaa nao nyumbani mwao na kutazama. Kitabu chake juu ya watoto hao kilitoka mwaka 1967, na mawazo aliyoyapata kijijini ndiyo aliyoyaendeleza baadaye huko Baltimore, Marekani, mpaka yakaenea katika vyuo vya dunia nzima.

Aliona nini? Aliona kwamba mtoto mwenye kumtegemea mama yake kwa uhakika humfanya mama kuwa kama kituo. Hutambaa akaenda mbali kidogo kuchungulia dunia, hugeuka akamtazama mama, huenda tena, akitishika hurudi. Mtoto huyo alikuwa hodari wa kwenda kwa sababu alikuwa na hakika ya kurudi. Lakini mtoto asiye na hakika hiyo alilia sana na kung'ang'ania, hakuthubutu kwenda. Na aliona jambo jingine la ajabu: akina mama ambao waliweza kusimulia habari za watoto wao kwa undani, kwamba huyu hupenda hiki, huogopa kile, hulia namna hii akiwa na njaa na namna ile akiwa na usingizi, hao ndio ambao watoto wao walikuwa na utulivu. Maana yake ni kwamba walikuwa wakimtazama mtoto, hawakumpita tu kama mtu apitavyo chombo cha nyumbani.

Ndugu msomaji, jiulize leo: Mtoto wako mdogo kuliko wote analia namna ngapi? Baba aliyeulizwa hivyo akasema, hayo ni mambo ya mama yake, amejibu juu ya nafsi yake.

GHALA LIMEJAA, MTOTO AMEDUMAA

Sasa tuje nyumbani. Nyanda za Juu Kusini husifiwa kuwa ghala la chakula la Tanzania. Magari ya mizigo yapitayo Mbalizi katika barabara kuu iendayo Zambia, na treni za TAZARA, zaijua sifa hiyo. Viazi hushuka kutoka Umalila, mahindi na maharage hujaa sokoni, ndizi hutoka Rungwe, parachichi huoza chini ya miti. Hata hivyo uchunguzi wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wakati asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, katika mkoa wa Iringa walikuwa karibu asilimia 57, na katika mikoa ya Njombe na Rukwa karibu asilimia 50. Mikoa inayolisha wengine ndiyo iliyotangulia kwa watoto waliodumaa!

Kudumaa si ufupi wa mwili peke yake. Mwili wa mtoto ulionyimwa kwa muda mrefu hudumaza na ubongo, na mtoto huyo huingia darasani akiwa amekwisha kuachwa nyuma kabla mwalimu hajaandika herufi ya kwanza ubaoni. Je, tatizo ni upungufu wa mahindi? Hapana. Mama hulima mpaka siku ya uchungu, hurudi shambani kabla nguvu hazijamrudia. Mtoto huachwa na dada yake mwenye umri wa miaka saba, ambaye naye ni mtoto. Hupewa uji mtupu wa mahindi kabla ya miezi sita, na baada ya miezi sita huendelea kupewa huo huo bila maharage, wala mboga, wala yai, hali mayai yapo na yanapelekwa sokoni. Viazi vinauzwa, na fedha haionekani katika sahani ya mama anyonyeshaye.

Hapa ndipo Kurani Tukufu inaposema na sisi waziwazi. Katika Sura Al-Baqara imetaja kwamba akina mama wanyonyeshe miaka miwili kamili, kwa anayetaka kutimiza. Lakini haikumtwika mama peke yake mzigo huo. Papo hapo imemwekea baba wajibu wa chakula na mavazi ya mama huyo kwa wema, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake. Imekataza mama asidhuriwe kwa ajili ya mtoto wake, wala baba kwa ajili ya mtoto wake. Na ikiwa wanataka kumwachisha ziwa mapema, wafanye kwa kuridhiana na kushauriana. Angalieni: hata kumwachisha mtoto ziwa kumefanywa kuwa jambo la mashauri ya wawili! Na katika Sura At-Talaq, hata mke aliyeachwa, akinyonyesha, apewe ujira wake.

Wataalamu wa lishe siku hizi husema juu ya siku 1000 za kwanza, tangu mimba kutungwa mpaka mtoto kutimiza miaka miwili. Hesabuni wenyewe: siku 270 za mimba na siku 730 za miaka miwili. Ndicho kipindi kile kile ambacho Kurani Tukufu imekitaja na kukitajataja, katika Sura Luqman na Sura Al-Ahqaf, pamoja na udhaifu na taabu ya mama katika kipindi hicho. Basi baba wa Kiislamu asemaye kwamba yeye amekwisha kutimiza wajibu kwa sababu amelipa mahari, na huku mkewe ananyonyesha kwa tumbo tupu, huyo hajasoma Al-Baqara hata kama ameihifadhi kwa moyo.

Serikali nayo imeliona jambo hili. Mwezi Desemba 2021 ilizinduliwa programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto. Na kabla ya hapo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilikwisha kumpa mama aliyeajiriwa likizo ya siku 84, na akirudi kazini nafasi ya kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Lakini mama auzaye viazi kando ya barabara hapa Mbalizi hana mwajiri. Nani atampa saa mbili? Ni mume wake, ni mama mkwe, ni shemeji, ni jirani. Sheria yake ni dini yetu, na mwajiri wake ni sisi.

KILIO ALICHOKISIKIA HADHRAT UMAR

Imepokewa kwamba katika ukhalifa wa Hadhrat Umar r.a. kila Mwislamu alikuwa na posho kutoka hazina, lakini mtoto hakuandikiwa mpaka awe ameachishwa ziwa. Usiku mmoja ulifika Madina msafara wa wafanyabiashara, na Khalifa, pamoja na Hadhrat Abdur Rahman bin Auf, akatoka kuwalinda. Akasikia mtoto analia. Akamwendea mama akamwambia amche Mungu na kumtuliza mtoto. Kilio kikarudi mara ya pili na ya tatu. Mwishowe mama yule, asijue anasema na nani, akaeleza kwamba anamlazimisha mtoto kuacha ziwa kabla ya wakati, kwa kuwa Umar hawaandikii posho wanyonyao.

Khalifa wa dola kubwa iliyozishinda Uajemi na Rumi alisalisha alfajiri ile huku watu hawasikii vizuri kisomo chake kwa sababu ya kulia. Akajilaumu kwa watoto aliowadhuru bila kujua. Kisha akatangaza pote kwamba wazazi wasiharakishe kuwaachisha watoto, na kwamba tangu siku hiyo kila mtoto azaliwaye katika Uislamu ataandikiwa posho yake tangu kuzaliwa.

Mafunzo hapa ni makubwa. Kanuni ile ilikuwa imewekwa kwa nia njema, lakini ilipita katika kifua cha mama ikafika katika kinywa cha mtoto. Kadhalika leo. Kila uamuzi wa nyumbani na wa kijiji, wa mume na wa mwajiri, juu ya saa za kazi, juu ya fedha za mavuno, juu ya umbali wa maji, mwisho wake hufika kwa mtoto mchanga ambaye hakualikwa katika baraza.

SAMAKI MKUNJE ANGALI MBICHI

Wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Lakini wako watu walioichukua methali hii kuwa ni ruhusa ya fimbo. Ndugu yangu, samaki mbichi hukunjwa kwa mkono. Ukimpiga kwa nyundo hatakunjika, atapondeka. Na wako wasemao kwamba kumbeba na kumbusu mtoto ni kumdekeza, hasa akiwa wa kiume.

Tumtazame Mtume Mtukufu s.a.w. Alimbusu mjukuu wake Hasan mbele ya Aqra bin Habis, naye Aqra akastaajabu, akasema ana watoto kumi na hajambusu hata mmoja. Mtume s.a.w. alimjibu kwamba asiyerehemu harehemewi. Aliswali huku amembeba Umama, mtoto wa binti yake, akimweka chini anaposujudu na kumchukua tena anaposimama. Na alisema kwamba huingia katika Sala akikusudia kuirefusha, kisha husikia mtoto analia, akaifupisha kwa kujua uchungu wa mama yake. Ibada kubwa kuliko zote ilifupishwa kwa kilio cha mtoto mchanga! Basi ni kazi gani yetu isiyoweza kusimama kidogo mtoto anapolia?

Kubeba mtoto si anasa. Mwaka 2021 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, juu ya watoto waliozaliwa na uzito mdogo sana. Wale waliowekwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, walikufa 12 katika kila 100 katika siku 28 za kwanza. Wale waliosubiri kwanza mpaka hali yao itulie, kama ilivyokuwa desturi, walikufa karibu 16. Bibi zetu wa Usafwa na Umalila waliowafunga watoto mwilini katika baridi ya Juni na Julai hawakusoma gazeti la madaktari, lakini mikono yao ilijua.

JE, ALIYEKOSA MALEZI AMEHUKUMIWA?

Sasa tufike katika swali zito. Kati ya wasomaji wetu wako waliokua bila mama. Wako waliopigwa, waliotupwa kwa ndugu, waliolelewa na ulevi. Mtu wa namna hiyo akisoma habari za panya na sokwe anaweza kuona kwamba mlango umefungwa kabla hajajua kusema. Wengine tena watamwambia kwamba alizaliwa na dhambi, na malezi mabaya yakaongeza.

Uislamu unayakataa yote mawili. Mtume Mtukufu s.a.w. amefundisha kwamba kila mtoto huzaliwa katika maumbile safi, na wazazi wake ndio wampelekao upande huu au ule. Basi usafi ni wa asili, na kasoro huja baadaye. Na Kurani Tukufu imekariri kwamba hakuna nafsi ibebayo mzigo wa nafsi nyingine. Mtoto anaweza kurithi jeraha la kosa la mzazi, lakini harithi hatia yake. Tofauti hii ni kubwa, na mwenye kuichanganya huwadhulumu watoto. Mwenye hatia huadhibiwa, lakini mwenye jeraha hutibiwa.

Na dawa ipo. Panya wale wale, walipotenganishwa na mama zao utotoni kisha baada ya kuachishwa ziwa wakawekwa mahali penye nafasi, wenzao na vitu vya kuchezea, walionekana mwaka 2002 kwamba mshtuko wao umepungua. Katika Romania, baada ya kuanguka kwa utawala wa Ceausescu mwaka 1989, walikutwa maelfu ya watoto katika nyumba za mayatima, wakilishwa lakini hawabebwi. Tangu miaka ya 2000 wataalamu waliwafuatilia watoto 136 mjini Bucharest. Nusu yao walipelekwa kulelewa katika familia, nao walipata nafuu katika akili na katika moyo, na hasa waliopelekwa kabla ya kutimiza miaka miwili. Kuwahi ni bora, lakini kuchelewa si kukosa kabisa.

Tena tutazame maisha ya Mtume s.a.w. mwenyewe. Baba yake alikufa kabla hajazaliwa. Mama yake Amina alikufa mwanawe akiwa na umri wa miaka sita. Babu yake Abdul Muttalib akafa miaka miwili baadaye. Lakini mkono haukukatika. Halima wa Bani Saad alimnyonyesha, babu akampakata, ami yake Abu Talib akamchukua. Miaka mingi baadaye Halima alipomjia, imepokewa kwamba alimtandikia nguo yake akae. Aliyekuwa mtoto wa kunyonya hakuusahau wema ambao akili ya mtoto haiwezi kuukumbuka. Mwenyezi Mungu humlea yatima kwa mikono ya watu. Basi msomaji, mikono hiyo huenda ni yako.

Na wewe uliyejeruhiwa, toba yako si maneno matupu. Sala tano za kila siku, kuzuia hasira, suhuba ya watu wema, ni kuikanyaga njia mpya kila siku mpaka ile ya zamani iote majani. Ni kazi ngumu kwako kuliko kwa mwenzako aliyelelewa vizuri, lakini Mwenye kuhesabu anaujua mlima unaoupanda.

KWA WALIOINGIA KARIBUNI

Nina neno kwa ndugu wapya, ambao wazazi wao wangali katika dini nyingine. Sura Luqman imetaja taabu ya mama na miaka miwili ya kunyonya, na mara baada ya hapo ikasema kwamba hata wazazi wakikushurutisha umshirikishe Mungu, usiwatii katika hilo, lakini kaa nao kwa wema katika dunia. Kwa nini kunyonyesha kumetajwa mahali hapo? Ni kwa sababu deni lile halifutwi na tofauti ya dini. Mama yako aliyekubeba kwenda kanisani ndiye aliyeujenga ubongo uliokuwezesha baadaye kusoma, kupima na kuutambua ukweli. Usilipe matofali kwa kuivunja nyumba. Mpelekee sukari, mchotee maji, mpakatie mjukuu wake.

Ndugu wasomaji, mtoto aliye mgongoni hivi sasa hatayakumbuka tunayomtendea leo. Hatakumbuka kama tuliitika au tulinyamaza, kama tulimwimbia au tulimtukana. Lakini siku moja atainua mikono na kutuombea rehema kadiri ya malezi tuliyompa. Tujihadhari dua hiyo isije ikawa fupi.

Mwenyezi Mungu atupe mioyo ya huruma kwa wadogo wetu, awape nguvu akina mama, awaamshe akina baba, awatibu waliojeruhiwa utotoni, na awarehemu wazazi wetu waliotulea tukiwa hatujui kitu. Amin.